Lori Tulilinunua, Kitabu Tukakifungia Kabatini

Wiki tatu zilizopita nilihudhuria kongamano la kitaaluma kuhusu maendeleo ya viwanda. Mtoa mada mmoja, profesa ninayemheshimu, alituonesha picha ya lori lililokwama njiani, mafuta ya haidroliki yakichuruzika chini yake. Akasema tatizo la nchi hii si mashine bali ni “fundi wa kubahatisha”, mtu asiyesoma, anayefungua asichokijua na kufunga asichokielewa. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Sikucheka, lakini pia sikunyoosha mkono. Makala haya ndiyo mkono ninaounyoosha sasa, kwa kuchelewa.

Hoja yangu naitaja mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kuanzia kunipinga. Fundi wa gereji si mbumbumbu. Mbumbumbu, kama ni lazima neno hilo litumike, ni mfumo unaomkabidhi mtu mashine yenye uwezo wa kumnyang’anya mkono, ukamnyima maelezo ya mashine hiyo katika lugha anayoifanyia kazi, kisha akiumia ukamcheka kwenye kongamano. Na katika mfumo huo sisi wenye shahada za uzamivu si watazamaji. Sisi ndio tulioshika ufunguo wa kabati.

Lori la namna ile ninalifahamu. Miaka sita iliyopita mimi, kaka yangu na shemeji yetu tulichanga fedha tukanunua Bedford TM, lori lililostaafishwa na jeshi la Uingereza. Ni la kubeba tani 8, magurudumu yake yote yanavuta, usukani uko kulia kama wetu, na lina winchi ya haidroliki ya kupakia mizigo. Tulilitaka kwa kazi ya magogo na mbao Mufindi, ambako mvua za masika zikishika barabara za msituni, lori la kawaida halipandi mlima. Muuzaji alituonesha mita ya mwendo: umbali mdogo mno kwa lori la umri ule. “Limelala tu kwenye bohari ya jeshi,” akatuambia, kana kwamba kulala ni sifa. Tukafurahi. Sote watatu hatukujiuliza swali rahisi: mpira unaolala miaka ishirini huamka ukiwa na hali gani?

Hapa naomba nieleze kidogo, kwa sababu mabishano yetu mengi kuhusu ufundi huendeshwa na watu ambao hawajawahi kuinama chini ya gari. Winchi ya namna hii haina miujiza. Kuna tangi la mafuta. Kuna pampu inayochota nguvu ya injini kupitia gia ya pembeni. Pampu inasukuma mafuta kwenye vali zenye wenzo, na mwendeshaji anapovuta wenzo, mafuta huenda kwenye silinda hii au ile, fimbo ya silinda ikatoka au kurudi, na gogo la tani likanyanyuka kama mtoto. Kisha mafuta hurudi tangini kupitia chujio. Ndiyo yote. Lakini msukumo ndani ya mipira hiyo, katika winchi za malori za kizazi kile, hufika baa 200 hivi. Tairi ya gari dogo ina baa 2 na nukta kidogo. Fikiria tairi iliyojazwa mara mia moja ya hiyo, halafu fikiria kwamba ukuta wake ni mpira uliotengenezwa wakati mwandishi wa makala haya akiwa shule ya msingi.

Lori la jeshi huuzwa likiwa na kilomita chache na miaka mingi. Kwa injini, hilo laweza kuwa neema. Kwa haidroliki ni mtego, maana mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka. Sili zinazozuia mafuta ndani ya silinda hukauka zisipotumika. Fimbo ya silinda, ile inayong’aa kwa sababu imepakwa kromiamu, ikiachwa nje kwenye unyevu hupata vitundu vidogo vya kutu, na siku inapoanza kazi, kila inapoingia na kutoka huchana sili kama msasa. Mafuta yaliyolala tangini yamekwisha kunywa unyevu wa hewa. Kwa hiyo kazi ya kwanza kwa lori kama hilo, kabla ya kubeba hata ubao mmoja, ni kubadilisha mipira yote, hata ile inayoonekana mizima, kumwaga mafuta ya zamani, kusafisha tangi, kuweka chujio jipya, na kupaka grisi kila pini. Sisi tulifanya nini? Tulipaka rangi. Tulipaka rangi ya bluu, tukaandika jina la mama yetu juu ya kioo cha mbele, tukaliingiza msituni.

Sisemi haya kumdhihaki mtu. Nasema tulinunua nusu ya kitu. Lori la jeshi si chuma peke yake. Nyuma ya kila lori la jeshi la Uingereza kuna kikosi kizima cha mafundi, REME, kilichoundwa mwaka 1942 vita vikiwa vimepamba moto, na nyuma ya kikosi hicho kuna bohari za vipuri, ratiba za ukaguzi, na vitabu vinavyomwambia kila askari afanye nini, lini, na kwa spana gani. Jeshi linapoliuza lori hubaki na hiyo nusu nyingine. Kwa Bedford jambo ni baya zaidi, kwani hata aliyelitengeneza hayupo. General Motors ilijiondoa katika biashara ya malori hayo mwaka 1986, kiwanda cha Dunstable kikachukuliwa na kampuni ya AWD mwaka 1987, na mwaka 1992 AWD nayo ikafilisika. Ukinunua Bedford TM leo unanunua yatima. Mlezi wake pekee ni fundi wa Mafinga au Makambako, na chochote utakachokuwa umempa fundi huyo.

Sisi tulimpa nini? Nitarudi kwenye swali hilo.

Kwa miaka minne winchi ilifanya kazi, na ilifanya kazi kwa sababu ya akili ya mtu mmoja. Fundi wetu ni mtu wa umri wangu, pengine ananizidi mwaka mmoja au miwili. Alimaliza darasa la saba. Hakuna kitu kwenye lori lile ambacho hakukitengeneza. Sili zilipokosekana alikwenda na ile iliyochakaa mkononi, akapita duka kwa duka akilinganisha, hadi akaipata ya mashine ya kuchimbia barabara yenye kipimo kilekile. Pampu ilipoanza kulia aliweka sikio kwenye bisibisi, akasema inavuta hewa kwenye bomba la tangi, na kweli, mafuta yalikuwa yanatoa povu. Mimi mwenye tasnifu ya kurasa 312, ambayo kwa kadiri ninavyojua imesomwa na watu watano, wawili kati yao wakilipwa kwa kazi hiyo, nilisimama pembeni nikishika tochi.

Lakini kulikuwa na mambo asiyoyajua, na ni haki kuyasema, kwa sababu hoja yangu si kwamba fundi anajua kila kitu. Hakujua kwamba kiwango cha mafuta hupimwa winchi ikiwa imekunjwa na miguu yake imerudishwa ndani. Ukipima ikiwa imenyooshwa, sehemu ya mafuta imo ndani ya silinda, utadhani yamepungua na utajaza kupita kiasi. Hakujua kwamba chembe inayotafuna pampu ni ndogo kuliko upana wa unywele, jicho haliioni, na kwa hiyo mafuta yanayoonekana masafi ndani ya ndoo yaweza kuwa machafu kwa mashine. Mpira ulipovuja aliufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kama tunavyofunga kila kitu nchi hii. Na lilikuwepo lile la skrubu. Katika winchi kuna vali ya usalama, ambayo msukumo ukizidi hufunguka na kurudisha mafuta tangini. Gogo likiwa zito mno, winchi hukataa kulinyanyua. Utingo hushauri skrubu ya vali ikazwe kidogo. Ikikazwa, winchi inabeba. Watu wanashangilia. Ila sasa ule msukumo uliokuwa na mlango wake wa kutokea utatafuta mlango mwingine, nao ni mpira mkongwe, au sili, au chuma cha winchi yenyewe, au lori zima kupinduka ubavu.

Yote haya yamo kitabuni. Na kitabu tulikuwa nacho.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, mpira mmoja ulianza kutoa mafuta. Hayakuwa matone. Ulikuwa ukungu mwembamba, unauona ukipigwa na jua, lakini huoni unatokea wapi. Injini ikinguruma na utingo akiwa ameshikilia wenzo ili msukumo uwepo, fundi wetu akafanya kile ambacho nimeona mafundi wengi wakikifanya: akapitisha mkono polepole kando ya mpira, kama mtu anayetafuta upepo unaoingilia kwenye dirisha. Akasikia kitu kama mwiba. Akatazama kidole, akaona nukta moja ya damu, ndogo kuliko kichwa cha pini. Akafuta kwa kitambaa. Tundu amelipata, kazi ikaendelea, na jioni alikula na watoto wake kwa mkono uleule.

Usiku mkono ukavimba. Asubuhi akaenda kwenye kituo cha afya cha karibu, akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa arudi hali isipobadilika. Simlaumu aliyempokea. Kidonda hakikuonekana, na yeye pia hakuna aliyewahi kumpa ukurasa wa kusoma. Siku ya tatu tulimkimbiza hospitali kubwa. Daktari bingwa, daktari wa kweli si kama mimi, alitueleza kwa upole ambao hadi leo unaniuma. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la sindano kwa msukumo ule hupenya ngozi kama risasi na kusambaa kando ya mishipa na kano hadi kiganjani. Ngozi juu inaonekana nzima, ndani nyama inakufa. Ni dharura ya upasuaji, na saa zinahesabiwa. Sisi tulileta mgonjwa tukihesabu siku. Wakakata kidole cha shahada na cha kati ili waokoe kiganja. Mkono wa kulia.

Niliporudi Dar es Salaam nilifungua kabati la vitabu. Kitabu cha matunzo ya winchi ile, kurasa 74 zilizotolewa nakala, kilikuja na lori. Shemeji alikuwa amenikabidhi miaka yote hiyo iliyopita kwa maneno haya: “Hiki ni cha Kizungu, kaa nacho wewe, Dokta.” Nikakaa nacho. Kilikuwa kati ya kitabu cha nadharia ya utawala na ripoti ya tume fulani. Kwenye ukurasa wa pili, kabla hata ya mchoro wa kwanza, ndani ya fremu nyeusi, imeandikwa kwamba usitafute uvujaji kwa mkono. Tumia kipande cha kadibodi au ubao. Na ukichomwa, hata kama kidonda ni kidogo, nenda kwa daktari mara moja na umwambie kilichokuchoma ni mafuta yenye msukumo. Mistari minne. Kwa Kiswahili ingenichukua dakika tatu kuitafsiri, na sekunde ishirini kuisoma kwenye simu.

Basi mbumbumbu katika habari hii ni nani?

Najua mwenzangu wa kongamanoni angejibu nini, kwa sababu ndilo jibu letu la kawaida: fundi naye ajifunze Kiingereza. Jibu hili lina ukatili uliovaa tai. Dola ilimfundisha mtu huyu kwa Kiswahili miaka saba, ikamwambia hiyo ndiyo lugha ya taifa, kisha ikaweka kila kitu kinachoweza kumuua katika lugha nyingine. Kopo la sumu ya wadudu dukani lina maelezo ya Kiswahili, kwa sababu tulikubaliana kwamba sumu inaua na anayeinunua ni mkulima. Mashine nayo inaua, na anayeifungua ni fundi. Kwa nini akili yetu inaishia kwenye kopo?

Tuwatazame hao hao waliotengeneza malori. Mwaka 1951 jeshi la Marekani lilianzisha jarida la kila mwezi liitwalo PS, mahsusi kwa matunzo ya zana. Halikuandikwa kwa ajili ya majenerali. Liliandikwa kwa ajili ya askari wa chini kabisa, kijana wa shamba aliyekabidhiwa lori. Na ili alisome, walimwajiri Will Eisner, mmoja wa wachoraji wakubwa wa katuni katika nchi ile, aliyeliongoza kwa michoro hadi mwaka 1971. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa amekwisha kuwachorea mhusika aitwaye Joe Dope, askari mzembe ambaye kila anachokigusa kinaharibika. Askari walimcheka Joe Dope na huku wakijifunza. Taifa tajiri kuliko yote duniani halikuona aibu kuchora katuni ili mtu akaze nati. Sisi tunaona aibu kuandika mwongozo kwa Kiswahili, tusije tukaonekana si wasomi.

Katika vitabu vya jeshi hilohilo kuna jambo dogo ambalo limenikaa akilini. Dereva hufundishwa kuupanga uvujaji katika madaraja matatu. La kwanza: unyevu unaonekana, ila haufanyi tone. La pili: tone linafanyika, ila halianguki. La tatu: tone linaanguka. Kwa mawili ya kwanza unaweza kuendelea na kazi huku ukiangalia kiwango cha mafuta. La tatu unaripoti. Hakuna hesabu, hakuna kifaa, hakuna shahada. Nilipomsomea fundi wetu madaraja hayo kwa Kiswahili, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hiki kitu mimi nakijua, ila sikujua kwamba kina majina.” Mhadhiri yeyote anayesoma hapa aifikirie kauli hiyo kabla ya kuingia darasani Jumatatu.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani. Mkoloni, ambaye hakutuwazia mema, alipotaka askari na madereva wa King’s African Rifles wamuelewe, alizungumza nao Kiswahili. Ofisa wa Kiingereza ndiye aliyekaa darasani kujifunza. Na jeshi letu wenyewe, tangu lilipoundwa mwaka 1964, linaamrisha kwa Kiswahili. Hakuna aliyewahi kusema kwamba “nyuma geuka” inashusha kiwango cha ulinzi wa taifa. Panapokuwa na jambo la kufa na kupona, lugha inayoeleweka hutumika bila kongamano. Swali ni kwa nini vidole vya fundi si jambo la kufa na kupona.

Kuna wanaosema Kiswahili hakina istilahi. Hawa nawakaribisha gereji. Watasikia pampu, silinda, sili, vali, chujio, wenzo, grisi, msukumo, fimbo, tangi, mpira wa kwenda na mpira wa kurudi. Watasikia fundi akimweleza kijana wake, bila kukwama, kwa nini winchi inashuka yenyewe ikiwa imebeba mzigo. Istilahi zipo, zimepakaa mafuta tu. Na kwa wapenda vitabu, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Ndani ya miaka yote iliyofuata kisingizio hiki hakijafanya kazi hata siku moja, na bado tunakilipa mshahara.

Historia ya sera naipitia kwa haraka kwa sababu inachosha. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, mwaka 1982, ilipendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikarudia ahadi ya Kiswahili katika ngazi zote. Tulipiga makofi. Mimi mwenyewe niliandika makala ya kuisifu, kwa Kiingereza, katika jarida linalohesabiwa kwenye upandishaji vyeo.

Na hapo ndipo ilipo sindano yenyewe. Katika fomu zetu za vyeo, makala iliyosomwa na watu watano ina pointi. Mwongozo wa kurasa kumi na mbili wa kutunza winchi, kwa Kiswahili, ambao ungesomwa na mafundi mia tano na kuokoa mkono mmoja, hauna pointi. Mhandisi kijana akiuandika ataambiwa na mkuu wake wa idara kwamba anapoteza muda, na kwa kipimo tulichojiwekea, mkuu huyo atakuwa anasema kweli. Tumejenga chuo ambacho mtu hupanda ngazi kwa kadiri anavyokwenda mbali na watu wanaomlipa. Mwanafunzi wa uhandisi anahitimu akiweza kukokotoa msukumo ndani ya silinda hadi desimali ya tatu, na hajawahi kugusa mpira wenye mafuta. Fundi anaugusa kila siku na hajawahi kuambiwa kwamba unaweza kumchoma. Baina yao hakuna daraja. Kuna kabati.

Wengine, wenye nia njema, huniambia dawa ni kupiga marufuku malori chakavu ya majeshi ya watu. Sikubali. Mipira ya lori jipya lililotoka China wiki iliyopita ina msukumo uleule au zaidi, na vibandiko vyake vya tahadhari haviko kwa Kiswahili. Mkono hauulizi mwaka wa kutengenezwa. Tena kwa watu wa msituni lori hili la yatima ndilo wanaloweza kulimudu, na likitunzwa linatenda haki. Tukatae biashara ya kuuza nusu ya kitu, sawa. Mwagizaji alazimishwe kukabidhi, pamoja na kadi ya gari, kurasa chache za Kiswahili za usalama na matunzo ya kila mfumo wenye msukumo, na vyuo vya ufundi na vya uhandisi vilipwe kuziandika. Gharama yake ni ndogo kuliko mpira mmoja wa haidroliki. Yule mpira uliomchoma fundi wetu, tulipoununua mpya, ulikuwa shilingi 180,000. Ndicho kiasi tulichokuwa tunaokoa.

Tangu Desemba ninakwenda Mafinga kila ninapopata siku mbili. Fundi amerudi kazini. Bisibisi anaishika kwa kushoto sasa, na kazi nyingi anamwelekeza kijana wake. Hatujazungumza sana kuhusu lawama. Mara ya kwanza nilipofika na kitabu nilitaka kuomba radhi, nikaanza hotuba ndefu kama kawaida ya watu wa kazi yangu. Akanikatiza: “Kamwene, Dokta. Kaa kwanza. Soma.”

Tunasoma. Mimi natafsiri kwa sauti, yeye anasahihisha, kijana anaandika kwenye daftari la mistari mipana. Wiki iliyopita tulifika kwenye ile vali ya usalama. Nilikuwa nimeiandika, kwa fahari, “vali ya kupumulia”. Fundi akatikisa kichwa. Kifuniko cha tangi ndicho wanachokiita cha kupumulia, akasema. Nikiandika hivyo kijana ataambiwa aangalie vali, atakwenda kufungua tangi. Tukabishana karibu nusu saa. Kijana akapendekeza tuandike vile wanavyoisema wao wakati wa kazi: “vali ya kukataa mzigo”. Tukaiandika hivyo, na chini yake, kwa herufi kubwa, kwamba skrubu yake haikazwi na mtu yeyote kwa sababu yoyote asiye na geji ya kupimia.

Kisha winchi ya jirani ikaanza kuvuja. Fundi akainuka, akachana kipande cha kadibodi kwenye boksi la chujio, akamkabidhi kijana wake, akamwonesha namna ya kukishika kwa pembeni. Kurasa 11 zimekwisha. Zimebaki 63.